Neno "Clove" Lina Maana Mbili

Ndugu wanachama, kijana wa mwenzetu mmoja anayesoma Songea, mbali na mikarafuu yetu, alifasiri "a clove of garlic" kuwa "karafuu ya kitunguu thomu". Akakosa, nasi hatumcheki: hayo ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja. "Clove" ya thomu ni punje, na asili yake ni kupasua. "Clove" ya karafuu ilitoka kwa Wafaransa, kwa maana ya msumari. Itazameni ilivyokauka, kichwa na mguu! "Bud" ni tumba, nayo karafuu ni tumba lililochumwa kabla ya kuchanua. "Stem" ni konyo. Basi vijana wanaowasomea wazee hati za mauzo waangalie sana: "cloves" ni karafuu, "clove stems" ni makonyo, na bei zake si moja.