Setilaiti Haioni Mbu

Ndugu wanavikundi, katika mkutano mmoja mzee aliuliza: "Hiyo mashine ya huko juu inaona mbu?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa zuri. Jibu ni hapana. Setilaiti inaona majani.

Chukueni homa ya Bonde la Ufa. Ilitambuliwa 1931 katika kondoo karibu na Naivasha, ndiyo ikapata jina hilo. Mbu aina ya Aedes hutaga mayai pembeni mwa madimbwi, na mengine huwa tayari na kirusi ndani. Maji yakikauka, mayai hulala udongoni miaka mingi. Mvua kubwa ikifurika, yanaanguliwa kwa wingi. Mifugo huumwa na mbu hao na kuharibu mimba, kisha watu huambukizwa kwa kugusa damu, au kwa mbu.

Sasa, setilaiti hupima joto la uso wa bahari. Bahari ya Pasifiki na upande wetu wa Bahari ya Hindi zikipata joto pamoja, mara nyingi mvua yetu huzidi. Pia hupima nchi inavyogeuka kijani. Pahali pakavu pakiwa kijani kupita kawaida, wataalamu hushtuka.

Hivyo ndivyo walivyoona hatari kuanzia Septemba 2006. Novemba, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa onyo. Desemba watu wakaanza kufa Garissa. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, yaani tumechelewa. Kufikia Machi, Kenya ilikuwa na wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa. Picha ilikuwepo, mguu wa kupeleka habari hadi bomani ndio uliokosekana. Na wafugaji wenyewe walikuwa wameshaona mbu wengi na mimba zikitoka!

Jambo moja msisahau: chanjo ni kabla ya ugonjwa kuingia. Ukishaingia, sindano moja ikipita kwa ng'ombe wengi inaweza kuusambaza.

Maswali ya kikundi:

Onyo la mvua kubwa likitangazwa redioni, nani kati yetu atamwendea afisa wa mifugo, na siku gani?

Mbuzi wa jirani wakiharibu mimba watatu kwa wiki moja, tunamwambia nani? Nani atazika bila kushika kwa mikono mitupu?

Mnyama mgonjwa huchinjwa haraka "nyama isipotee". Akina mama, mnaopika na kuchemsha maziwa, mnasemaje?