Dondoo muhimu: Tovuti ya fundi wa Eastlands, Nairobi

Mkazi wa Umoja akitaka geti, huenda akaandika kwenye Google "fundi wa mageti Kariobangi". Fundi apatikaneje?

• Kichwa cha ukurasa kitaje kazi na mahali: "Mageti ya chuma, Kariobangi Light Industries".

• Ajisajili kwenye Google Maps, ni bure. Aweke saa za kazi, nambari ya simu na steji ya matatu iliyo karibu.

• Picha zipunguzwe uzito. Mteja anatumia simu na bando lake.

• Akili unde kama ChatGPT imwandalie rasimu tu. Bei, geji ya chuma na nambari ya kulipia ya M-Pesa azihakiki mwenyewe, kwani programu hizo hubuni majibu bila haya.

• Akihifadhi nambari za wateja, azingatie Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.