Ndia Kuu: Kuu kwa Lipi?

Mbona "ndia", si "njia"?

Hakuna aliyekosea. Kimvita, lahaja ya wenyeji wa kisiwa cha Mombasa, hutamka nd pale Kiswahili sanifu kinapotamka nj: njoo ni ndoo, njaa ni ndaa. Kibao kinachoongeza neno la Kizungu la barabara baada ya "Ndia Kuu" kinasema jambo moja mara mbili.

Na huo ukuu uko wapi, ikiwa gari mbili hupishana kwa taabu?

Barabara hii ilipimwa kwa miguu, punda na mkokoteni. Huanzia upande wa Ngome ya Yesu ikaingia Mji wa Kale, ikiwa karibu na bandari ya majahazi. Ufinyu nao una faida yake: nyumba za ghorofa huitilia kivuli, na kwa jua la Mombasa hilo si dogo.

Ni kweli Waturuki walifika hapa?

Walifika. Mwaka 1585 nahodha wao Amir Ali Bey alitokea Bahari ya Shamu, akapokewa vizuri na miji iliyochoshwa na Wareno. Alipokuja mara ya pili akajenga boma Mombasa. Machi 1589 merikebu za Wareno kutoka Goa zikaingia, na huku ng'ambo, bara, wapiganaji walioitwa Wazimba walikuwa wamekwisha kupiga kambi. Mji ukabanwa pande mbili. Wazimba wakavuka na kuua watu wengi, naye Ali Bey akakamatwa, akapelekwa Ureno. Hofu ya kurudiwa ndiyo iliyowafanya Wareno waanze kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, alama kubwa ya Waturuki hapa ni jengo ambalo hawakulijenga wao. Waomani waliitwaa ngome hiyo mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696.

Je, Leven House?

Iko jirani, ukingoni mwa maji, na jina lake ni la meli ya Kapteni Owen, Mwingereza. Mwaka 1824 Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakimhofia Sayyid Said wa Oman, walitaka ulinzi wa Waingereza. Owen akakubali bila kutumwa; London ikakataa, na kufikia 1826 bendera ya Waingereza ikashushwa.

Naweza kubomoa nyumba yangu nijenge upya?

Si kwa kupenda kwako. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Ngome ya Yesu iko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Ukitaka kugusa mlango wa nakshi, roshani au ukuta, pitia kwanza ofisi ya uhifadhi, kabla fundi hajashika nyundo.