Mas-ala ya Kuchanjwa Wino Mwilini

Ndugu yetu mmoja akaaye Lucky Summer, Nairobi, mwenye umri wa miaka 45, ametuuliza: "Mama yangu amefariki, nami nataka nichanjwe jina lake mkononi kwa wino, nisimsahau. Je, yafaa?"

Jawabu: Haifai. Huko ndiko kuitwako kwa Kiarabu *washm*: ngozi hudungwa sindano, kisha hutiwa wino ukabaki ndani. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa. Wala tusichanganye haya na hina na piko za wanawake wetu, kwani hizo hukaa juu ya ngozi, kisha zikafutika.

Na aliyekwisha kuchanjwa asikate tamaa. Imam Nawawi, katika wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, amesema kuwa atubie, na auondoe wino ikiwa yawezekana kwa dawa; akichelea madhara makubwa, toba yamtosha.

Ewe ndugu, huzuni yako twaijua, kwani nasi tumezika mama. Lakini jina lililo mkononi mwako litaoza nawe kaburini, wala yeye halimfikii. Limfikialo ni dua ya mwana mwema, na sadaka yenye kuendelea. Basi fedha ambazo ungempa mchanjaji, zinunulie misahafu uiweke msikitini kwa niaba yake, nawe umwombee kila baada ya sala. Mwenye kumtaja mama yake mara 5 kwa siku hawezi kumsahau.

Wallahu aalam.