Kadi za Maua: Somo la Subira na Hesabu

Katika toleo hili tunajifunza kutengeneza kadi ndogo za mkono zilizopambwa kwa maua makavu, kwa mtindo wa kizamani wenye rangi za upole. Kazi hii si ngeni kati ya Wakristo. Mwishoni mwa karne ya 19, mahujaji waliofika Yerusalemu walinunua kadi zenye maua makavu ya Nchi Takatifu, wakarudi nazo makwao.

Tunaanza kwa kukiri kosa. Kikundi cha kwanza cha akina mama tulichokifundisha kilipata oda ya kadi 200 za Krismasi kutoka kwa marafiki wa Ujerumani. Ulikuwa msimu wa vuli, mvua zinanyesha, na sisi wa ofisini tuliwahimiza wafanye haraka. Maua yalikaushwa siku 4 tu. Kadi zilifika zikiwa na madoa ya ukungu na hazikulipwa. Akina mama walikuwa wametegemea fedha hiyo kwa sare na madaftari ya Januari. Mmoja wao alituuliza: "Kama mlijua maua yanataka wiki mbili, mbona hamkutuambia?" Hatukuwa na jibu. Somo hili ni jibu letu lililochelewa.

Vifaa

Karatasi ya manila nyeupe, majani ya chai, gundi nyeupe, mkasi, rula, brashi ndogo, magazeti ya zamani, karatasi nyeupe za kawaida, mbao mbili na mawe mazito.

Kukausha maua

1. Chuma maua asubuhi, umande ukishakauka. Chagua yaliyo membamba: bogenvilia, kosmosi, maua ya majani ya shambani. Waridi zima ni nene. Tumia petali zake moja moja.

2. Chuma bustanini au kando ya shamba, si msituni. Ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, linaloitwa Saintpaulia, linapandwa vyunguni duniani kote, lakini aina zake nyingi ziko hatarini kutoweka porini.

3. Panga maua kati ya karatasi nyeupe mbili, kisha weka magazeti juu na chini. Karatasi nyeupe huzuia wino wa gazeti usishike ua. Bana kwa mbao na mawe.

4. Badilisha magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza. Acha wiki mbili. Wakati wa mvua, tatu.

5. Pima. Gusisha ua shavuni: ukisikia ubaridi, bado lina maji. Ua lililokauka halilegei ukilinyanyua.

Kutengeneza kadi

Chemsha chai ya rangi iliyokolea, bila sukari, uiache ipoe. Ipake kwenye manila kwa kitambaa safi, kisha anika kivulini. Karatasi itapata rangi ya barua ya bibi iliyokaa sandukuni miaka mingi. Ikikauka, ibane chini ya ubao usiku mzima ili inyooke.

Karatasi ya A4 ikatwe katikati, na kila nusu ikunjwe mara moja. Utapata kadi 2. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula ili mkunjo unyooke. Panga maua kwanza bila gundi. Matatu yanatosha, kadi iliyojaa hupoteza upole wake. Paka gundi kidogo sana nyuma ya ua, libandike, kisha bana kadi tena kwa siku moja. Hifadhi mbali na jua, kwa maana mwanga hufifisha rangi.

Kupanga bei

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anazungumzia mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama. Tuchukue mfano. Karatasi, gundi na bahasha ni shilingi 400 kwa kadi. Zinazoharibika, shilingi 100. Kadi moja inachukua nusu saa. Ikiwa kibarua cha shambani hulipa shilingi 1,000 kwa saa, nguvu yako ni shilingi 500. Jumla ni 1,000. Ukiuza kwa 600, umefanya kazi nusu saa kwa shilingi 100. Akina mama wengi huacha kuhesabu nguvu zao kwa sababu hawakuzitoa mfukoni. Lakini muda huo ungeweza kupalilia shamba.

Kikundi kile kilianza tena. Safari hii wao ndio waliotutajia tarehe ya kumaliza, nasi tukaipeleka kwa mnunuzi kama walivyoisema. Kadi zilifika salama.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Oda ikija kwa haraka, nani ana haki ya kusema "haiwezekani"?
2. Katika kazi yenu, ni gharama ipi hamjawahi kuihesabu?
3. Maua gani ya kijijini kwenu hukauka vizuri bila kubadilika rangi? Jaribuni matano na muandike matokeo.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.