Kijana Anapokataa Kwenda Misa
Somo kwa wazazi wakatekumeni

Huko Panda, katika mji wa Likasi, na katika vijiji vya jirani, si nyumba zote zenye amani siku ya Dominika. Kengele imelia, baba na mama wamekwisha vaa, lakini mwana wao wa miaka 15 angali amelala; au ametoka alfajiri na koleo na mfuko, kwenda kuchimba mawe ya shaba pamoja na wenzake. Baba hushika fimbo. Mtoto hufika kanisani akilia, na Dominika ifuatayo hutoroka kabla hakujapambazuka. Basi, mzazi afanye nini?

1. Atafute kwanza sababu. Kijana mmoja huona haya kwa nguo yake iliyochakaa. Mwingine huogopa kuchekwa na rafiki zake. Wa tatu ameonja fedha ya mawe. Tena yuko amwonaye baba yake akisali asubuhi na kumtukana mama jioni. Huyo hakimbii Kanisa, bali anakimbia uongo, na dawa yake imo mikononi mwa baba. Mwana na aulizwe faraghani, akasikilizwe mpaka mwisho.

2. Fimbo huleta mwili, haileti moyo. Mkatekumeni anapopokelewa, padri humwuliza anataka nini kwa Kanisa la Mungu, naye hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Kanisa lafundisha kwamba mtu asilazimishwe kuamini. Naye Mtume Paulo aliwaonya akina baba wa Efeso wasiwachokoze watoto wao, bali wawalee katika Bwana.

Lakini mzazi asinyamaze. Nyumba ina sheria zake: sala ya jioni, heshima, kazi. Mwana aliyekwisha batizwa akumbushwe kwamba Misa ya Dominika ni amri kwake. Na machimboni akatazwe siku zote, kwa maana sheria ya Kongo hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuchimba madini, na mashimo huporomoka.

3. Mfano wa Mtakatifu Monika. Mwanawe Agostino alizaliwa Tagaste, Afrika ya Kaskazini, mwaka 354. Alitiwa alama ya msalaba tangu utoto, akawa mkatekumeni. Lakini alipokuwa kijana aliifuata dini ya Wamanikayo. Kwa uchungu Monika alikataa kula naye meza moja. Baadaye, baada ya kuota ndoto iliyompa matumaini, alimrudisha mezani. Alimwomba askofu mmoja abishane na mwanawe. Askofu akakataa, akamshauri amwache kwa sasa na kumwombea. Agostino alimdanganya mamaye, akapanda merikebu kwenda Roma. Monika alimfuata hata Milano. Huko Askofu Ambrosi alimpokea kijana kwa wema, na wema ule ulimvuta kuliko mabishano. Agostino alibatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387, baada ya miaka zaidi ya kumi ya machozi ya mama yake. Ndiye mwalimu mkubwa wa Kanisa.

Tazameni: Monika hakusema kwamba kosa si kosa, wala hakumnyima mwanawe mahali pa kurudi.

4. Mambo ya kufanya. Chakula cha Dominika kiliwe pamoja, hata na yule aliyekataa Misa. Baba asimulie kwa maneno machache Injili iliyosomwa, bila kumsuta mtu. Kijana atafutiwe wenzake wema, katika korali au katika Kiro.

MASWALI

Je, mzazi aweza kumlazimisha mwanawe aamini?
Hapana. Aweza kumwamuru, kumfundisha na kumwonyesha njia. Imani ni paji la Mungu, nalo hupokelewa kwa hiari.

Je, mzazi ambaye mwanawe amekataa amepoteza kazi yake?
Hapana. Adumu kusali, aishi vema, na mlango wake usifungwe.

Nani msaada wa wazazi hao?
Mtakatifu Monika, ambaye sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti; kesho yake huadhimishwa mwanawe.