Pikapu Kuukuu ya Dizeli: Tarajia Kilomita Ngapi kwa Lita?

Ukitafuta pikapu ya dizeli ya miaka ya 1990 ya kubebea marobota ya mitumba kutoka Gikomba hadi Soko la Toi, hukosi kuambiwa kwamba inakwenda kilomita 15 kwa lita. Usipange biashara kwa hesabu hiyo. Toyota Hilux yenye injini ya 2L au 3L, Isuzu ya 4JA1 au Nissan ya TD27, ikiwa nzima, hukupa kilomita 10 hadi 12 kwa lita kwenye barabara kuu. Mjini, ikiwa na mzigo, tarajia 7 hadi 9.

Sababu unaziona kila asubuhi. Foleni ya Barabara ya Ngong huifanya injini inywe mafuta gari likiwa limesimama. Robota moja ni kilo 45, kwa hiyo kumi ni karibu nusu tani, na uzito huo wote husukumwa upya kila gari linapong'oka. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu.

Pima mwenyewe. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, kisha andika kilomita. Piga kazi kama kawaida hadi tangi lifike nusu, rudi kwenye pampu ileile ujaze tena hadi ijikate. Ukiwa umekwenda kilomita 180 na zimeingia lita 22.5, unapata 8 kwa lita. Rudia mara kadhaa uone wastani. Mita ya gari ikiwa imekufa, pima safari kwa ramani ya simu.

Ukipata chini ya 7, anza na mambo ya bei nafuu. Jaza magurudumu upepo. Toa chujio la hewa. Likiwa jeusi kwa vumbi, badilisha. Ukishamaliza safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu: inayotoa joto zaidi kuliko ya upande wa pili, breki yake inashika. Kagua paipu za dizeli zisivuje. Gari likitoa moshi mweusi hata baada ya hayo, nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia, asikisie kwa sikio.

EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Siku hiyo gawanya bei ya lita kwa kilomita unazopata kwa lita. Dizeli ikiwa Sh160 na gari linakwenda 8, kila kilomita inakula Sh20. Ukikisia 12, utahesabu kama Sh13, na hizo Sh7 zitatoka kwenye faida yako. Usisahau kuhesabu safari ya kurudi mtupu.

Weka daftari ndani ya gari, na dereva aandike tarehe, lita na kilomita kila anapotia mafuta. Nauli ya mzigo itoke humo.